Furu alikuwepo, herufi F ndo haikumwita

Baba mdogo wangu alikuwa mtu wa mnada pale mwaloni Kirumba, Mwanza, kwa zaidi ya miaka 20, na kama umewahi kufika pale asubuhi dagaa wanashushwa unajua kazi yenyewe ilivyo, mdomo haupumziki, anapandisha bei huku anamtania mchuuzi huku anamkemea kijana anayechota dagaa kwa kiganja, yote kwa pumzi moja. Sasa miaka kama mitano iliyopita mkono wa kulia ukaanza kutetemeka akiwa amekaa tu, mguu ukawa mzito, sauti ikashuka mpaka ukimpigia simu unadhani mtandao ndo mbovu. Ukoo ukagawanyika kama kawaida yetu, wengine wakasema karogwa na washindani wake wa mwaloni, wengine wakasema uzee tu huo mwacheni, na tulivyofika hospitali baada ya kuzunguka sana tukaambiwa ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo wa mwili.

Kuna kitu kidogo kilitokea siku hiyo ambacho ndo kimenifanya niandike haya. Dokta mmoja kijana, mpole tu, akamwambia mzee naomba unitajie maneno yote unayokumbuka yanayoanza na herufi F, una dakika moja, usitaje majina ya watu wala miji. Baba mdogo akaangalia dari. "Fisi." Kimya. "Fundi." Kimya kirefu. "Fedha." Akanigeukia mimi kama vile nimemfichia majibu mfukoni. Dakika ikaisha ana maneno manne, la nne lilikuwa "fukara" na alilisema huku anacheka. Dokta akaandika kitu. Halafu, nadhani kwa huruma, akamwambia haya mzee, nitajie samaki wa ziwani. Weee! Sato, sangara, furu, dagaa, kamongo, kambare, mumi, ningu, gogogo, soga, nembe, hongwe, domodomo. Kwa sauti ya chini, polepole, lakini hakukwama, vidole vyangu vya kuhesabia viliisha nikaanza upya mkono wa kwanza.

Umemuona furu hapo wa tatu? Furu anaanza na F. Dakika mbili nyuma mzee alikuwa anaitafuta F kwenye dari na furu hakuja, na furu huyu kamuuza maisha yake yote. Mdomo ulikuwa uleule uliochoka, sekunde zilikuwa 60 zilezile, na neno lilikuwepo kichwani muda wote. Kilichobadilika ni njia ya kulifuata.

Hicho kipimo wenyewe wanakiita wepesi wa maneno, au ufasaha wa maneno ukitaka kuongea kitaalamu, na ni cha bei rahisi kuliko vyote vya hospitali, hakina mashine, hakina damu, ni saa na masikio. Kipo cha herufi na kipo cha kundi, kundi likiwa wanyama, matunda, samaki, chochote. Vinafanana kwa nje ila ndani ni kazi mbili tofauti. Samaki kichwani mwa mvuvi wameshapangwa, ukimgusa mmoja wanakuja na ndugu zake. Herufi hakuna mtu anayepanga nayo maneno, hakuna kapu moja kichwani lenye fisi, fundi na fedha, kwahiyo inabidi ujitengenezee mbinu ya kutafuta, uyakatae yasiyofaa, ukumbuke uliyoshataja, na ukikwama ubadili njia. Kazi hiyo inaelemea zaidi sehemu ya mbele ya ubongo, huku nyuma ya paji la uso, na viini fulani vilivyo chini katikati ya ubongo ambavyo ndivyo Parkinson inavyoviharibia mambo.

Nieleze kwa lugha ya mwaloni. Mitumbwi imejaa inangoja kushusha mzigo, hiyo mitumbwi ndo maneno. Na kuna mtu wa zamu anayesema haya wewe ingia, wewe subiri, wewe ulishashusha toka hapo. Kwenye Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau wa wazee, mitumbwi yenyewe inazama mmoja mmoja, ndo maana wagonjwa wake kwa kawaida wanaumia zaidi kwenye kutaja wanyama kuliko kwenye herufi. Kwenye magonjwa ya mwendo mitumbwi mingi bado ipo inaelea, tatizo ni mtu wa zamu, na kila ugonjwa unamharibu kivyake. Mwaka 1986 Wamarekani watatu, Alexander, DeLong na Strick, walieleza kwamba vile viini vya katikati havina njia moja ya kuzunguka kwenda mbele na kurudi, vina kadhaa zinazokwenda sambamba, nyingine za kuendesha mwili, nyingine za kupanga mawazo. Ndo kusema ugonjwa uliokuja kwa ajili ya mkono unaweza kupita njia ya jirani ukachukua na maneno.

James Parkinson mwenyewe, aliyeandika kuhusu ugonjwa huu London mwaka 1817, alisema akili na hisia haziguswi. Alikosea, ila sio kwa mbali sana. Kwenye Parkinson ya miaka ya mwanzo maneno yanapungua kwa kiasi, mtu wa zamu yupo kazini ila anachelewa kuita na akishaita kundi moja anasita kuhamia lingine. Mtu atakutajia ng'ombe, mbuzi, kondoo, atakaa hapo bandani muda mrefu kabla hajakumbuka kwenda porini kwa fisi na swala. Watafiti wanahesabu hata hilo, ni mara ngapi mtu anahama kundi, maana jumla ya maneno peke yake inaficha mambo.

Linganisha na huu mwingine unaoitwa kwa kifupi PSP, ulioelezwa mwaka 1964 na Steele, Richardson na Olszewski kule Kanada. Huu ndo unaonifanya nipige kelele kwasababu kwa macho ya haraka unafanana na Parkinson, mtu anakuwa mgumu na mzito, anaandikiwa dawa zilezile, dawa hazisaidii sana, familia inadhani mgonjwa hamezi. Kuna mama mmoja jirani Igoma alianza kwa kuanguka, na alikuwa anaanguka chali, kinyumenyume, kama mtu aliyevutwa kanga kwa nyuma. Kutetemeka hakuna. Ngazi anashuka kwa kupapasa maana macho hayataki kushuka chini. Alikuwa mkali wa vijembe huyo mama, ukimsalimia anakurudishia salamu na maneno matatu ya nyongeza, na ndani ya mwaka akawa ukimuuliza kitu anakuangalia tu, unadhani hajasikia, unaondoka, halafu ukiwa mlangoni jibu ndo linatoka, na ni jibu sahihi. Familia ilisema amekuwa na kiburi.

Kwenye PSP mtu wa zamu karibu ameondoka. Wengi wao ukiwapa herufi hawafiki maneno 7 kwa dakika, na hicho kiwango cha chini ya 7 watafiti wamekiona kinasaidia kweli kuitenganisha PSP na Parkinson. Fikiria hapo, magonjwa mawili yanayofanana mwendo, yanayohitaji maandalizi tofauti kabisa ya familia maana PSP inakwenda kasi na kumeza chakula kunakuwa shida mapema, na kinachoweza kukushtua ni dakika moja ya maneno. Kuna na kile kipimo cha makofi, unamwambia mtu piga makofi matatu tu kwa haraka, mwenye PSP mara nyingi anapitiliza manne, matano, sita, kuanza ni shida na kusimama ni shida. Nilipoelezwa hiki nikakumbuka yule mama kanisani.

Huntington sijawahi kumuona mgonjwa wake hapa, na kwetu Afrika ni nadra kuliko Ulaya, ila siwezi kuuruka kwasababu ya ziwa. George Huntington aliuandika mwaka 1872 akiwa kijana wa miaka 22, ni wa kurithi, mwili unachezacheza bila kutaka, na chanzo chake kwenye vinasaba kilipatikana mwaka 1993. Waliosaidia kukipata ni familia za wavuvi wa Ziwa Maracaibo, Venezuela, ambazo watafiti waliziendea kijiji kwa kijiji miaka mingi kuchukua damu na kuchora koo zao. Wavuvi bana, kama wetu tu, mitumbwi, nyavu, nyumba za pembeni ya maji, na ugonjwa unaoshuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto wote wanaujua kwa macho. Kwenye Huntington maneno yanashuka kwa herufi na kwa kundi pia, na dalili zake kwenye maneno zinaweza kuanza kuchungulia hata kabla mwili haujaanza kucheza waziwazi. Mwendo wa mwili umezidi, mwendo wa maneno umepungua. Kwahiyo wale wanaodhani maneno yanapungua kwasababu mwili umekuwa mzito tu, hapo wanajibiwa.

Halafu kuna ule mtetemo wa mikono unaokuja pale unaposhika kikombe au kuandika, tofauti na wa baba mdogo uliokuja akiwa amepumzika. Huo ni wa kawaida kuliko Parkinson, mara nyingi unatembea kwenye ukoo, na kwa muda mrefu ulihesabiwa ni wa mikono tu. Maneno yanaguswa kidogo kwa baadhi, kidogo sana ukilinganisha na PSP, na watu wengi wanaishi nao wakiongea kama cherehani. Naupita haraka ila nasisitiza kitu kimoja, sio kila anayetetemeka ana Parkinson, na mtaani kwetu jina la Parkinson likishafika basi kila mkono unaotikisika ni huo.

Na kuna wa kutengenezwa na dawa. Mtu anameza haloperidoli kwa ajili ya ugonjwa wa akili, baada ya muda anakuwa mgumu, anatembea hatua fupifupi, uso umekauka. Kisha anaongezewa Artane kupunguza huo ugumu, na Artane kwa mtu mzima inaweza kufifisha kumbukumbu na kuchanganya mawazo. Sasa ukimpima maneno huyo unapima nini? Ugonjwa wa mwanzo, dawa ya kwanza au dawa ya pili? Msiache dawa kwa kusoma haya, nawaomba, rudini na vidonge vyote kwenye mfuko mmoja mumuonyeshe dokta.

Kinachonishangaza kuliko vyote ni wale wanaofanyiwa upasuaji. Kuanzia mwaka 1987 Benabid na wenzake huko Grenoble, Ufaransa, walionyesha kwamba ukiweka waya mwembamba ndani ya ubongo na kupitisha umeme mdogo kila wakati, kutetemeka kunatulia. Baadae waya ukasogezwa kwenye kiini kingine na dalili nyingi za Parkinson zikawa zinapata nafuu, mtu anatembea, anakula mwenyewe. Na kitu kinachorudi utafiti baada ya utafiti ni kwamba mkono unapata nafuu ila wepesi wa maneno unashuka kidogo baada ya upasuaji. Yaani mwendo unapanda, maneno yanashuka, kwa mtu yuleyule! Kama maneno yangekuwa yanafuata mkono kama mkia basi yangepata nafuu pamoja nao.

Sasa narudi kwenye ile herufi F, maana hapa ndo nina ugomvi.

Herufi zinazotumika sana kwenye kipimo hiki ni F, A na S, na zilichaguliwa kwa ajili ya Kiingereza. Ukizileta kwetu kama zilivyo unapima kitu kingine. Kiswahili kinabadilika mwanzoni mwa neno. Nipe M nikupe mtu, mti, mto, mkulima, mkulima nikimaliza nakupa mwalimu na mganga na mvuvi, kila kazi inayofanywa na binadamu naiwekea m mbele twende. Nipe W nageuza walewale kuwa wengi. Nipe K ndo balaa, kula, kulala, kukimbia, kuogelea, kila kitendo cha dunia hii kinaanza na ku, mtu akishagundua mlango huo dakika haimtoshi, asipougundua anabaki na kiti na kisu na kikombe. Hapo unapima nani kagundua ujanja. Tena ipo hatari nyingine ambayo sijaona ikizungumzwa, kwenye Parkinson kuna utafiti unaoonyesha kwamba kutaja vitendo kunaweza kuumia zaidi kuliko kutaja vitu, inaeleweka, ugonjwa wa mwendo unagusa maneno ya mwendo. Sasa kwa Kiswahili ukimpa mtu K umempa kipimo cha vitendo bila kujua, alama zake zitashuka kwa sababu ambayo hukuipanga, na utamlinganisha na Mwingereza ambaye K yake haina hiyo kona.

F kwa kweli ina nafuu, maana maneno mengi ya F kwetu hayana kiambishi, fimbo, figo, filimbi, furu. Lakini F inadai shule. Baba mdogo aliishia darasa la nne, herufi kwake ni kitu cha kuandikia jina kwenye fomu, sio kabati la maneno. Mtu ambaye hajasoma kabisa ukimwambia taja maneno yanayoanza na F umemuuliza swali lisilo na maana, kisha alama zake unaandika chini ya 7, halafu hapo unafikiria PSP? Ndo maana ule mstari wa 7 nilioutaja na kuusifia hapo juu siwezi kuuchukua mzimamzima nikaupeleka Sengerema au Ukerewe.

Na hili watu wa nchi hii walishalifanyia kazi. Wilayani Hai, Kilimanjaro, kilitengenezwa kipimo cha akili kwa wazee kinachoitwa IDEA, cha kutambua ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa wazee ambao wengi hawajasoma. Hakuna kuandika, hakuna herufi. Wanakuuliza daraja ni nini, wanakutaka utaje wanyama kwa dakika moja, wanakupa njiti za kiberiti uzipange kama walivyopanga wao. (Swali la daraja kwa mtu wa huku siku hizi utapata hotuba nzima ya Kigongo-Busisi, sijui wanaipa alama ngapi.) Hukohuko Hai watafiti walipita nyumba kwa nyumba kutafuta Parkinson kwenye watu 161,071, matokeo yakatoka mwaka 2008, wakapata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu ya hao hakuna aliyekuwa amewaambia wana nini. Kanda ya Ziwa nina wasiwasi tusingekuwa bora.

Kwahiyo kundi kwanza, herufi baadae na kwa tahadhari. Lakini hata kundi lina mitego yake huku. Baba mdogo alisema kambare, kisha akasema mumi. Ni samaki yuleyule kwa majina mawili, unampa moja au mbili? Ukifuata kitabu amerudia, na kurudia ni dalili. Ukijua mwalo, huyu ni mtu anayeuza kwa wateja wa lugha tatu, majina yote mawili ni ya kazi. Msukuma wa Magu akichanganya fisi na mbiti kwenye orodha moja ya wanyama sio kwamba mtu wake wa zamu amelewa. Mi ningesema mruhusu achanganye, andika yote kama alivyosema, hesabu mnyama mmoja mara moja, na hiyo hama hama ya lugha iweke pembeni uiangalie yenyewe.

Kisha suala la umri, na hili linakwenda kinyume na mnavyodhani. Ningu na soga mzee wa miaka 70 aliwavua, kijana wa leo hawajui, ziwa analolijua yeye ni la sangara, sato na dagaa, sangara aliletwa katikati ya karne iliyopita na furu wa aina nyingi wakaishia tumboni mwake. Ukipima kwa samaki, mzee mgonjwa anaweza kumshinda mjukuu mzima. Utasema mjukuu ana PSP?

Na mdomo wenyewe je? Parkinson inapunguza sauti, PSP inafanya ulimi kuwa mzito, mtu anayehitaji sekunde tatu kulitoa neno moja hawezi kufikisha 20 hata kama kichwani ana 40. Ujanja ni mdogo tu, mwambie kwanza ahesabu moja mpaka 20, kitu asichohitaji kukitafuta. Akihesabu haraka halafu kwenye wanyama akakwama, kinachokwama ni utafutaji. Akihesabu kwa kujikokota pia, mpunguzie lawama. Kwa baba mdogo nilijaribu nyumbani, kuhesabu alikwenda taratibu lakini kwa mwendo ule ule mmoja, kama mtumbwi wa makasia. Herufi ndo ilimsimamisha kabisa.

Sio nasema mkae sebuleni mpimane mtoe majina ya magonjwa, huzuni, usingizi mbovu, hata njaa inashusha maneno, na kipimo hiki peke yake hakimhukumu mtu. Nachosema ni kwamba pale anapopimwa mkono na mguu na shingo, apimwe na maneno, kwa kitu anachokijua, na kwa lugha aliyoamka nayo. Na ninyi wa nyumbani mkimuuliza swali mngoje. Yule mama wa Igoma nusu ya majibu yake yalitolewa kwa mgongo wa mtu aliyekuwa ameshaondoka.

Jumapili nilikwenda kumsalimia baba mdogo Nyegezi, nikamsimulia haya yote kuhusu furu na herufi. Alisikiliza, akakaa, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Mwanangu, hebu toa hiyo simu yako. Weka dakika. Wewe taja samaki." Nikaanza kwa mbwembwe, sato, sangara, dagaa, kambare, kamongo, furu, nikamkumbuka ningu kwasababu ya orodha yake, gogogo, halafu nikaona dari. Sangara.

"Sangara ulishamsema," akasema.